Gemu za mashindano kwenye runinga: nani atakaa atazame bila kushika pedi?

Mwenye_Kibanda (Arua)

Wakuu, salaam. Kila baada ya miezi kadhaa kuna mtu humu anapendekeza stesheni moja ya runinga hapa Uganda ianzishe ligi ya gemu: vijana wa PS (PlayStation, ile mashine ya gemu ya kuchezwa kwa pedi) wakutanishwe ukumbini Kampala, taa ziwake, wadhamini walete fulana. Uzi unaanza vizuri, halafu unaishia kwenye ugomvi wa FIFA na PES, ipi ni gemu bora ya mpira. Leo naomba tulishike swali lenyewe. Mtu asiyecheza gemu atatazama?

Maana mchezo wa runinga hauishi kwa wanaoucheza. Cheptegei alipochukua dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024, kibanda changu kilijaa watu ambao hawajawahi kukimbia hata kulikimbilia basi. Mizunguko 25, na kwa sehemu kubwa ni wanaume wanakimbia tu kwa kundi. Lakini kila mtu alijua wetu ni yupi, nani anamnyemelea, na imebaki mizunguko mingapi. Ukishajua hayo, huwezi kwenda kununua chapati.

Sasa gemu. Kwangu kuna skrini kubwa ya mpira na pembeni kuna PS. Mechi ikiisha, wengi hawaondoki, wanahamia nyuma ya vijana wa pedi na kuanza kuwatukana makocha wasiokuwepo. Watazamaji wapo, tena wa bure. Ila wanasimama kwa gemu ya mpira tu. Kijana akiweka ile ya bunduki, baada ya muda mfupi wamebaki wawili, na mmoja wao anasubiri zamu yake.

Wamarekani walishajaribu kwa fedha nyingi. Mwaka 2007 DirecTV, kampuni ya runinga ya satelaiti, walianzisha ligi ya Championship Gaming Series: timu zenye majina ya miji, wachezaji wenye mishahara, studio yenye mataa. Walichanganya Counter-Strike ya bunduki, FIFA, gemu ya ngumi na gemu ya magari, alama zote zikajumlishwa pamoja. Ili Counter-Strike itoshee muda wa kipindi, wakapunguza raundi na kubadili kanuni. Wachezaji wa kweli wakachukia kwamba gemu yao imeharibiwa, na mtu wa kawaida bado hakuelewa kinachoendelea. Novemba 2008 wakafunga duka.

Korea Kusini wao walishika gemu moja, StarCraft, ya vita vya majeshi, wakaing'ang'ania. Stesheni ya OGN ilianza mwaka 2000 ikionyesha gemu mchana na usiku, na watangazaji wake walipiga kelele kama wa fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2004 fainali ilifanyika ufukweni Gwangalli, Busan, na iliripotiwa watu 100,000 walikuja. Ufukweni! Kutazama vijana wanabonyeza kompyuta.

Kwa hiyo inawezekana. Mimi naona tofauti iko kwa anayesimulia, na hapo ndipo Uganda tuna mtaji ambao Marekani hawana. Nchi hii imelea ma-VJ, wasimulizi wa filamu za kigeni. VJ Jingo na VJ Junior wanachukua filamu ambayo mtazamaji haelewi hata neno, wanamvusha hadi mwisho akicheka na kulia mahali panapostahili. Mtu anayeweza kumfanya bibi yangu amjue muuaji wa Hong Kong kwa jina la utani, atashindwa na gemu?

Karibuni. FIFA na PES mwiko.

Pedi_Moto (Wandegeya)

Mkuu, unapigania runinga ya nini? Runinga ni ya wazee. Twitch, mtandao wa kutazama watu wakicheza gemu, ilianza mwaka 2011, na mwaka 2014 Amazon wakainunua kwa takriban dola milioni 970. Kama gemu zilikuwa zinahitaji runinga, fedha zile zingekwenda kwenye runinga. Sisi tunatazama kwenye simu, tunaandika maoni hapohapo, mchezaji anatujibu. Runinga itatupa nini zaidi ya matangazo ya sabuni?

Halafu ukiwaachia watu wa runinga, wataweka mtangazaji anayesema "na hapo amebonyeza kitufe". Aibu.

Mwenye_Kibanda (Arua)

Pedi_Moto, wewe uko Wandegeya, karibu na Wi-Fi ya chuo. Njoo Arua utazame kwa bando fainali inayochukua muda wa saa tano, halafu uniambie umebaki na shilingi ngapi. Mwaka 2018 tulilipishwa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii, na tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Runinga ya bure, ukishanunua king'amuzi na antena, haikuulizi umetazama dakika ngapi. Na skrini moja inabeba watu themanini. Simu yako inabeba wewe na shingo ya jirani yako.

Mama_Busia

Nimesoma, nikasema na mimi niseme. Sichezi gemu, nauza nguo mpakani, ila nyumbani nina kijana anayecheza, kwa hiyo natazama nikitaka nisitake.

Mpira wa kwenye gemu ni kivuli cha mpira. Arsenal halisi inacheza Jumamosi jioni. Kwa nini Jumatatu nitazame Arsenal ya katuni, inayoongozwa na mtoto wa jirani ambaye hata shuka hatandiki? Nikitaka mpira natazama mpira.

Ila kuna gemu nyingine ya watu wawili wanapigana, kila mmoja ana mstari juu unaopungua. Hiyo nimewahi kuunguza wali kwa ajili yake. Sijui majina yao wala mapigo yao. Naona tu mstari wa mwanangu umebaki kidogo kama ukucha na wa mwenzake bado nusu, halafu mwanangu anashinda. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Pedi_Moto (Wandegeya)

Mama Busia hiyo ni Tekken. Mpe mwanao heshima yake 😂

Fundi_Matangazo (Kampala)

Nafanya kazi kwenye gari la matangazo, upande wa kuchagua picha. Mechi za ligi, ndondi, ibada za mwaka mpya, vyote. Nizungumze kwa upande wangu.

Mama Busia amegusa jambo ambalo wengi hulikosa. Tunadhani gemu ya mpira ndiyo rahisi kuionyesha kwa kuwa kila mtu anaijua kandanda. Kuielewa ni rahisi kweli, lakini haina siri. Mtazamaji anaona kilekile anachoona mchezaji, kwa kamera ileile ya juu. Hujui zaidi yake, kwa hiyo huwezi kumwogopea.

Angalia mchezo wa karata wa poka. Miaka nenda rudi ulikuwa haufai kwa runinga: watu wamenuna, wamefunika karata zao, unasubiri. Mwaka 1999 Channel 4 ya Uingereza ikaweka kamera chini ya meza ya kioo katika kipindi cha Late Night Poker. Mtazamaji akaziona karata za wote. Ghafla unajua kwamba jamaa mwenye miwani meusi anadanganya, na mwenzake hajui, na fedha ziko katikati. Mchezo haukuongezwa sheria wala kupunguzwa. Mtazamaji alipewa tu siri.

StarCraft ya Korea ilikuwa hivyohivyo kwa asili yake. Mchezaji anaona ramani pale tu askari wake walipo, kwingine giza. Mtazamaji anaona kambi zote mbili. Unaona jeshi linazunguka kwa nyuma, unaona mwenye kambi anajenga kwa raha zake, na ukumbi mzima unapiga yowe kabla yeye hajajua. Mwenye_Kibanda, wale watu wa ufukweni hawakuja kutazama vidole. Walikuja kujua jambo kabla ya mwenyewe.

Ndiyo maana pia bunduki zinakukimbizia wateja. Kibandani kwako wanatazama kupitia macho ya mchezaji mmoja: ukuta, ukuta, mlango, amekufa, hakuna anayejua aliyempiga alitoka wapi. Kwenye matangazo ya Counter-Strike kuna mtu maalumu anayeongoza kamera ndani ya gemu. Anaonyesha miili ya wachezaji hata wakiwa nyuma ya ukuta, ramani ndogo iko pembeni, na bomu likishategwa zinahesabika sekunde 40. Watano dhidi ya watano, mmoja amebaki peke yake, saa inakimbia. Hilo hata askari wa lindo wa benki ataelewa.

Lakini mtu huyo wa kamera ni kazi nzito kuliko yangu. Uwanjani mpira ni mmoja, nafuata mpira. Kwenye Dota, gemu ya mapigano ya timu mbili, kuna wachezaji kumi waliotawanyika, na mambo matatu yanaweza kutokea kwa wakati mmoja. Overwatch, gemu ya bunduki ya timu, ilikuwa mbaya zaidi: wachezaji kumi na wawili, rangi, milipuko, picha inaruka kutoka jicho hili hadi lile. Ligi yao ilianza 2018, fainali ikajaza ukumbi wa Barclays Center kule New York, stesheni za ESPN na ABC wakaingia. Baada ya msimu wa 2023 ikafa. Fedha hazikupungua pale. Mimi nilijaribu kuitazama kwa jicho la kazi na sikuweza kusema nani anaongoza.

Mkeka_Umechanika (Jinja)

Nyote mnazunguka mbuyu. Watu wanatazama kompyuta ikicheza mpira KILA SIKU kwenye nyumba za kubeti. Hakuna hata mchezaji! Ni virtual, mashine inajichezea yenyewe, timu hazipo, uwanja haupo, na wanaume wazima wanashika vichwa. Weka fedha, watatazama hata rangi ikikauka ukutani.

Mwenye_Kibanda (Arua)

Mkeka, wale hawatazami mchezo, wanatazama tiketi. Ikishachanika wanageuka kabla kipindi cha pili hakijaanza. Na kwa sheria ya 2016 kubeti ni kuanzia miaka 25, wakati wachezaji na mashabiki wa gemu wengi hawajafika huko. Ukijenga ligi juu ya kubeti, umejenga kwa watu ambao hawaruhusiwi kuingia mlangoni.

Mkeka_Umechanika (Jinja)

Kwani kwenye mpira hawaingii?

Mwalimu_Jinja

Jirani yangu Mkeka anachekesha, ila hatari yake ni ya kweli na ilishatokea. Mwaka 2010 Korea ileile tunayoisifu iligundua wachezaji wa StarCraft walikuwa wanauza mechi kwa wacheza kamari. Kumi na mmoja walifungiwa maisha na chama chao, akiwemo Ma Jae-yoon, aliyejulikana kwa jina la sAviOr, mmoja wa mabingwa wakubwa waliowahi kuwepo. Mashabiki waliokuwa wamekua naye waliondoka na wengi hawakurudi.

Nirudi kwa Mama Busia. Gemu za ngumi zina kila kitu ambacho Fundi anakitaka isipokuwa siri, na siri haihitajiki kwa sababu kila kitu kiko wazi mno. Watu wawili, mistari miwili ya uhai, saa juu. Raundi inaisha kabla hujakohoa. Kuna pambano la mwaka 2004 kwenye Evo, mashindano makubwa ya gemu za ngumi, gemu ikiwa Street Fighter III: Daigo Umehara wa Japani amebaki na uhai kiasi kwamba hata pigo alilolikinga lingemmaliza. Justin Wong wa Marekani anamrushia mateke mfululizo. Umehara anayapangua yote, moja baada ya jingine, kisha anashinda. Kelele za ukumbi ndizo zinazokuambia umeona nini. Ninawaonyesha wanafunzi wangu wasiojua gemu kabisa, na kila darasa linasimama.

Jambo jingine, gemu hizi hazihitaji nchi tajiri. Mwaka 2019 Arslan Ash alitoka Lahore, Pakistan, jina ambalo dunia ya Tekken ilikuwa hailijui, akashinda Evo ya Japani na Evo ya Las Vegas mwaka huohuo. Baada ya hapo akasema kuna wengine nyumbani wanaompiga, na wataalamu wakapanda ndege kwenda Pakistan kuwatafuta. Jirani zetu Kenya wana Sylvia Gathoni, anayecheza kwa jina la Queen Arrow, ambaye timu ya Marekani ilimsajili mwaka 2018. Tekken pia.

Ligi ya runinga inahitaji hadithi ya namna hiyo kuliko inavyohitaji mataa. Nani ametoka wapi, nani alimfunga nani mwaka jana.

Pedi_Moto (Wandegeya)

Mwalimu hapo nakubali. Lakini VJ? Jamani. VJ anaitazama filamu kabla, anajua nani atakufa, anapanga utani wake. Gemu ni mubashara. Hakuna wa kumwambia nini kinakuja. Muweke VJ kwenye Counter-Strike, atabaki anasema "huyu jamaa wa Nansana ana bunduki, yule wa Bwaise naye ana bunduki".

Mama_Busia

Mimi ningetazama hiyo.

Fundi_Matangazo (Kampala)

Pedi_Moto ana hoja, ila jibu lake lipo siku nyingi: redio. Mwendesha boda aliyeegesha chini ya mwembe, sikio kwenye spika, anaona mechi nzima kwa mdomo wa mtu mwingine. Yule mtangazaji hajui kitakachotokea, na hakuna anayeweza kukagua kama anasema kweli. Kazi yake ni kukuweka roho juu. Kwenye gemu hukaa watu wawili: mmoja wa mbio, anasema kinachotokea, mwingine wa akili, anasema kwa nini. Mpe VJ nafasi ya mbio, na umweke Pedi_Moto pembeni yake nafasi ya akili. VJ akiuliza "kwa nini huyu anakimbia?", swali hilo ndilo analouliza Mama Busia sebuleni. Wachambuzi wa gemu hawaulizi kwa kuwa wanajua jibu, na hapo ndipo wanapompoteza mtu wa kawaida.

Upande wa Busia wanamjua DJ Afro wa Kenya, Tanzania walikuwa na Lufufu. Kazi ni ileile, kwa Kiswahili. Kwa hiyo hata lugha siyo kisingizio.

Mnachokisahau ninyi nyote ni mwenye gemu. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Ukipata uwanja na timu, unacheza. Gemu ina kampuni, na kampuni inaweza kusema hapana, au nilipe, au mwaka huu tunabadilisha. Blizzard, kampuni yenye StarCraft, na chama cha Korea waligombana mwaka 2010 juu ya haki za kutangaza StarCraft. MBC Game, stesheni ya pili ya gemu kule, mwaka 2012 ikageuzwa kuwa ya muziki. Hata FIFA na EA, kampuni iliyokuwa inatengeneza gemu ya FIFA, wameachana, tangu 2023 gemu ina jina jipya. Stesheni ya Kampala ikijenga kipindi chake juu ya gemu moja, imejenga kwenye kiwanja cha kupanga.

Na muda! Ratiba yangu inataka kujua kipindi kinaisha saa ngapi. Mechi ya kushinda mbili kati ya tatu inaweza kwisha 2–0 kabla watu hawajakaa, au ikasogea hadi taarifa ya habari ikaanza kulia. Mameneja wa vipindi wanaogopa hilo kuliko kukatika kwa umeme. Tenisi ya mezani ilijibadilisha yenyewe: mpira ukakuzwa kutoka milimita 38 hadi 40 mwaka 2000 ili uonekane, na mwaka 2001 seti ikashushwa kutoka pointi 21 hadi 11. Tenisi ya kawaida ilikubali taibreki kwenye US Open mwaka 1970. Mchezo unaotaka runinga hukubali kukatwa kidogo. DirecTV hawakukosea kukata. Walikata vibaya, na walikata vya wenzao.

Mwenye_Kibanda (Arua)

Fundi, hoja ya siri naichukua. Lakini usiidharau gemu ya mpira kwa nchi hii. Siri inamshika mtu aliyeshakaa. Kabla hajakaa, lazima kitu kimwite, na kinachomwita mtu wa Arua ni jezi anayoijua. Muingize kwa mpira, halafu mpe Tekken baada ya mapumziko. Mwaka 2020, mashindano yote yaliposimama kwa korona, runinga ya Fox kule Marekani walionyesha mbio za magari za kompyuta, madereva halisi wa NASCAR, ligi ya mbio za magari ya huko, wakiendesha kutoka nyumbani. Mbio za kwanza, alizoshinda Denny Hamlin, zilitazamwa na watu wapatao 903,000. Waliitwa na majina ya madereva, siyo na gemu.

Pedi_Moto (Wandegeya)

Na mbio halisi ziliporudi Mei mwaka huohuo, kila mtu alirudi kwenye mbio halisi. Umenisaidia mwenyewe mkuu.

Mwenye_Kibanda (Arua)

Ndiyo, kwa sababu wakati huo kulikuwa na mbio halisi za kurudia. Tekken halisi iko wapi? Ndiyo maana nataka mpira uwe mlango tu.

Mwalimu_Jinja

Basi tuandike kitu cha kupeleka. Jumatatu usiku, hakuna ligi kubwa inayogombania mtu, au ni mechi moja tu. Dakika 52. Nusu ya kwanza mpira wa gemu, mechi mbili fupi, timu za miji: Arua, Jinja, Mbale, Mbarara. Nusu ya pili Tekken hadi muda uishe, anayeshinda anabaki mezani, kama pool ya mtaani. Hapo Fundi hana wasiwasi wa ratiba, kipindi kinaweza kukatwa popote baina ya mapambano.

Fundi_Matangazo (Kampala)

Anayeshinda anabaki mezani. Hiyo naweza kuiuza kwa meneja. Kamera mbili usoni kwa wachezaji, moja kwa watu, picha ya gemu, basi. Ni nafuu kuliko mechi ya ligi. Uwanja haunyeshewi. Ila idhini ya wenye gemu ije kwa maandishi kabla sijawasha hata taa.

Mkeka_Umechanika (Jinja)

Odds za Arua zikoje?

Mama_Busia

Jumatatu saa ngapi? Saa tatu kuna tamthilia yangu, na rimoti ni yangu.

Fundi_Matangazo (Kampala)

Saa mbili kamili, mama. Tunamaliza dakika nane kabla.